Moshi Uliotoka kwa Baba

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na binti mmoja, wa miaka saba. Kwa kupenda kwake kusema, mtaa mzima ulimwita Kasuku. Baba yake alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika kiwanda cha kuyeyusha shaba, mwendo wa siku mbili kwa basi. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili. Alipiga simu kila Jumapili. Mara ya mwisho alipokuja likizo, nguo zake zilinuka kiberiti. Alipoondoka, mkewe alibaki na shati lake moja bila kulifua. Kila alipomkumbuka mumewe, alilinusa.

Kiangazi kilipoingia, ukungu mkavu ulitanda juu ya mtaa. Kasuku akaanza kukohoa. Kifua kikawa kinalia kama filimbi.

"Ni huyu kinyozi wa jirani, anayechoma takataka kila siku!" mama alisema. Akamwendea moja kwa moja.

Kinyozi hakubisha. "Nisamehe, dada yangu. Sichomi tena."

Na kweli hakuchoma. Lakini wiki nzima ilipita, ukungu uko palepale. Asubuhi moja Kasuku alishindwa kumaliza sentensi. Kasuku, kukosa maneno! Mama alimbeba mgongoni, mbio hadi zahanati.

"Ni pumu," alisema muuguzi. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Pumzi ikarudi. Mama akaketi kwenye benchi, machozi yakimlengalenga. Laiti mume wake angekuwepo, japo wa kumwambia tu, "Tulia, mke wangu."

Mwanamke mmoja akashuka kwa ngazi kutoka paa la zahanati, palipowekwa kipimo cha hewa. Alikuwa mpima hewa. Mkononi alishika kichujio cha kunasia vumbi la hewani, duara dogo la rangi ya majivu.

"Pole, mama," alisema. "Jana hiki kilikuwa cheupe pe."

"Ni moshi wa takataka?"

"Huo nao umo, na unadhuru. Lakini mwingi umetoka mbali. Kiangazi upepo unauleta kutoka kwenye viwanda vya shaba."

Mama alishtuka. "Mume wangu yuko huko! Lakini moshi wa kule unanuka kiberiti. Hapa mbona sisikii harufu?"

"Umebadilika njiani. Ukitoka kwenye bomba, sehemu yake kubwa ni gesi. Jua na unyevu wa hewani huigeuza kuwa chembe, ndogo sana kuliko upana wa unywele. Harufu inakwisha, madhara hayaishi. Chembe hizo zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu."

Mama alikitazama kile kichujio. "Kwa hiyo moshi wake unafika," alisema taratibu. "Yeye hafiki."

Mpima hewa akaketi kando yake. Akamweleza la kufanya siku za ukungu. Afunge madirisha. Afute vumbi kwa kitambaa kibichi, asifagie. Asiwashe moto wa moshi ndani. Mtoto asikimbie nje, na dawa yake iwe karibu.

"Nikimfunga kitambaa mdomoni?"

"Chembe hizi zinapenya. Inatakiwa barakoa maalumu, inayobana vizuri usoni."

Jioni hiyo mama alimpigia mumewe. Alipomaliza kueleza, mumewe aliuliza:

"Yaani moshi wetu ndio unambana mwanangu?"

"Bomba si lako, mume wangu. Wewe niambie tu upepo ukielekea huku."

Basi ikawa hivyo. Baba hakungoja tena Jumapili. Kila asubuhi, kabla ya kuingia kazini, alitazama moshi unaelekea wapi, kisha akapiga simu. Mama akawa anajua siku moja au mbili kabla ukungu haujafika. Baba na wenzake wakaubana uongozi wa kiwanda, na mtambo wa kusafisha moshi, uliokuwa mbovu siku nyingi, ukaanza kutengenezwa. Kiangazi chote kilichobaki, Kasuku hakupelekwa tena zahanati.

Asubuhi moja alimnyang'anya mama simu.

"Baba, upepo unaenda wapi leo?"

"Upande mwingine, mwanangu. Mwambie mama afungue madirisha."

"Na wewe unakuja lini?"

Baba alikohoa kidogo. "Bado miezi minne."

Kasuku aliinua vidole vinne, akavitazama. Kisha, kwa kuwa baba hakuweza kumwona, akakunja kimoja.