Dakika Kumi Bila Betri

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro jioni nilipofunga gereji, nikatia mashine ya kupimia kwenye mkoba, nikaenda kulifuta kumbukumbu gari la marehemu mdogo wangu.

Ilikuwa kazi ya saa moja, mwendo wa kurudi ukiwemo. Shemeji, mjane wake, alikuwa amepata mtu wa kulinunua, na mtu huyo alikuwa anakuja asubuhi. "Linatetemeka, kisha linazima," aliniambia kwenye simu. "Mafundi watatu wamelishika wakaliacha, hata sababu hawakusema. Njoo wewe uliyelitengeneza mwanzo."

Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Gari lilikuwa uani chini ya turubai. Fundi mwingine alikuwa amelinyoosha baada ya ajali, na mlango wa dereva ulikuwa mpya, wa buluu isiyofanana na buluu ya sehemu nyingine. Alinitolea kigoda, yeye akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Karibu, shemeji. Ni mwaka mzima."

"Kazi nyingi," nikasema.

Tulijua wote wawili kwamba kazi haikuwa nyingi kiasi hicho.

Niieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonitisha. Injini za siku hizi zina kompyuta, nasi mafundi tunaiita ubongo. Ubongo hujifunza. Hujua injini inahitaji mafuta kiasi gani na hewa kiasi gani, hata uzito wa mguu wa dereva huujua. Ukibadilisha vitu ili gari likimbie zaidi, ukafunga tabo kubwa ya kusukuma hewa, nozeli pana za mafuta na bomba pana la moshi, ubongo huendelea kupima kwa kipimo cha zamani, kama mpishi anayepikia watu wanne wakati mezani wamekaa kumi. Kwa hiyo unachomoa waya hasi wa betri. Unasubiri nusu saa mpaka umeme uliobaki ndani ukauke. Unarudisha waya, unawasha, unaliacha lingurume lenyewe, mtu asiguse mafuta. Linaanza kujifunza upya.

Nusu saa. Si dakika kumi.

Mdogo wangu tulimwita Mwendo tangu alipojua kutembea, kwa sababu hakutembea, alikimbia. Siku niliyomfungia vile vitu alikuwa akizunguka gari kama kuku anayetaka kutaga. "Kaka, ubongo gani huo unataka nusu saa kusahau? Mimi nilisahau shule nzima kwa siku moja!" Nikacheka. Nikatazama saa. Dakika kumi zilikuwa zimepita. Nikarudisha waya.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari," nikasema.

Siku ya sita alikuwa akilipita lori. Injini ikakata katikati. Mbele yake lilikuwa linakuja lori jingine.

Sisemi kwamba najua. Injini hukata kwa sababu mia, na huenda dakika kumi zile hazikuwa na hatia yoyote. Lakini walizijua watu wawili tu, na mmoja wao tulimzika.

Lile gari lililopondeka lilipoletwa nyumbani, Mama alilipekua kwa mikono yake. Chini ya kiti cha dereva alivuta kifurushi kidogo cha kitambaa kilichozungushiwa uzi mweusi. Akakiinua juu, watu wote wakiona. Akapiga yowe ambalo nalisikia mpaka leo. Kisha akamgeukia shemeji.

"Umemla mwanangu!"

Kifurushi kile kilikuwa changu. Nilikuwa nimepitisha nyaya za geji ya tabo chini ya kiti, utepe wa umeme ukaniishia, basi nikazungushia kitambaa na kukaza kwa uzi ili kiungo kisigongegonge. Mama alipokivuta nyaya zilikatika, zikabaki chini ya zulia. Ningesema neno moja tu. Ila neno hilo lingezaa jingine. Fundi, nini kingine ulikifanya kwa haraka?

Nikanyamaza. Shemeji akatolewa nyumbani usiku wa arobaini akiwa na begi moja, gari ambalo Mama hakutaka kuliona tena, na jina jipya. Mchawi.

Ndiyo maana jioni ile sikumtazama usoni. Nilifungua boneti, nikachomoa waya hasi, nikaangalia saa.

Tukakaa. Jua lilikuwa limezama na uani palibaki mwanga wa kijivu tu. Mtu wa duka la mbao aliburuta milango yake, akafunga, akaenda zake. Pakawa kimya.

Nilisubiri nusu saa kamili. Nikaongeza dakika tano.

Nikarudisha waya. Nikawasha, nikashuka, nikaufunga mlango. Boneti niliifunga, mashine ya kupimia nikaiweka juu yake, waya wake ukipita dirishani. Injini ikanguruma taratibu, laini. Kwenye kioo cha mashine kila kitu kilikuwa safi. Makosa: hakuna. Kanyagio la mafuta: sifuri. Muda wa injini: dakika moja.

Ndipo nikasikia harufu.

Peremende... na sigara chini yake. Mwendo alitafuna peremende ili mkewe asijue kuwa bado anavuta. Mkewe alijua. Sote tulijua.

Harufu hukaa kwenye viti, nikajiambia. Hukaa hata miaka.

Kanyagio la mafuta: sifuri.

Kumi na nane.

Sifuri.

Kumi na nane.

Injini ikapiga resi mbili fupi. Shemeji akainuka mara moja, akapiga hatua kuelekea geti. Akasimama. Akarudi kukaa polepole.

"Samahani," akanong'ona. "Mazoea. Alikuwa akifika anapiga mbili, nikamfungulie."

"Ni waya wa kanyagio," nikasema. "Umelegea."

"Haya."

Nilibonyeza mashine nitafute waya huo. Ukurasa ukabadilika, na mkono wangu ukabaki hewani.

Kiti cha dereva: kuna mtu.

Mkanda: haujafungwa.

Nilitazama ndani. Kiti kilikuwa kitupu. Kitupu kabisa... ila sponji yake ilikuwa imebonyea katikati.

"Shemeji," nikanong'ona, "nani alikaa humu leo?"

"Huwa anakaa jioni," akasema, bila kuinua kichwa. "Nilidhani wewe fundi utanieleza."

Muda wa injini: dakika kumi.

Injini ikakata.

Nikawasha tena, mkono nimeupitisha dirishani, maana mlango sikuthubutu kuufungua. Mafuta yapo, umeme upo. Dakika nane, tisa... Kumi.

Ikakata.

Pampu ikipata joto inaweza kukata hivyo. Nimeona magari mengine yakifanya hivyo kabla ya siku ile na baada yake. Lakini hakuna pampu inayojua siri za watu, na mwili wangu ulikuwa umekwisha kuelewa kabla kichwa hakijakubali.

"Mbona kumi, shemeji?" akauliza. "Kila jioni nikiliwasha ni kumi. Kumi ni nini?"

Nikamwambia. Nilisimama mbele ya boneti kama mtoto mbele ya mwalimu, nikasema yote, nusu saa niliyoikata, na lile neno "tayari".

"Na kile kifurushi?"

"Changu. Kilikuwa kiungo cha nyaya."

Nilitamani anipige.

"Mwaka mzima," akasema, "nimekuwa nikijiuliza kama nilimloga usingizini. Watu wakikuambia kitu kila siku, shemeji, unaanza kujipekua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mpigie Mama. Sasa hivi, nami nikisikia."

Niliitoa simu. Kabla sijabonyeza, mashine juu ya boneti ikalia mlio mfupi.

Kiti cha dereva: hakuna mtu.

"Ameshuka," nikasema.

Shemeji akatazama kiti, kisha geti lililofungwa.

"Kashuka... kwenda wapi?"

Mama alipokea haraka. Anaishi upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nilimwambia kama nilivyomwambia shemeji, sikupunguza neno.

"Uko kwake," akasema.

"Mama, sikiliza..."

"Uko kwake jioni hii, na umeanza kusema mambo ya betri. Kakupata na wewe. Mungu wangu, wanangu wote wawili!" Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka, na hilo ndilo lililonikata maini. "Toka hapo, mwanangu. Usile chochote. Toka..."

Akasita.

"Nani huyo?"

"Nani, Mama?"

"Hapa nje. Kuna gari getini." Nilimsikia akisogeza kiti. "Linapiga resi. Mbili mbili... kama..."

Nilisikia ndara zake zikienda. Nilisikia komeo la geti. Kisha simu ikakata.

Mbele yangu gari la Mwendo lilikuwa limezima, boneti ikiwa bado vuguvugu.

Mteja alilichukua asubuhi. Nasikia halijamsumbua hata siku moja. Shemeji alihama mwezi huohuo, hakuniaga, na sidhani nilistahili kuagwa.

Mama hajawahi kusema alimfungulia nani. Nimemuuliza mara mbili, akanipa mgongo mara mbili. Ila geti lake siku hizi halifungwi magharibi. Na nikiinama kumsalimia, bibi huyu asiye na jino la kutafunia, ananuka peremende. Peremende, na chini yake sigara.

Na shemeji, Mama bado anamwita mchawi.