Mlango wa Mwalimu Evaline

Kila asubuhi kabla ya shule Fabiola alikuwa na kazi mbili: kumpelekea ndama maji na kumchukua mtoto wa Mwalimu Evaline. Ile ya kwanza aliifanya akiwa amenuna. Hii ya pili angeifanya hata kama angeambiwa aende kwa magoti.

Siku hiyo ukungu wa kijiji cha Tlawi ulikuwa umefunika mashamba ya vitunguu saumu, na nyumba ya mwalimu ilionekana paa tu. Fabiola alipiga hodi huku akipuliza vidole vyake.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Fabi. Ingia, mwenzio ameamka zamani."

Mwenzio alikuwa Joakimu, mtoto wa miezi minne mwenye mashavu ya kubinywa na hasira za mzee. Mwalimu Evaline alimfunga mgongoni mwa Fabiola kwa kitenge, akamfunika blanketi, kisha wote watatu wakavuka njia kwenda kwa Bibi Veronica, bibi yake Fabiola. Mwalimu hakuwa na ndugu sehemu hizi. Alizaliwa Muheza, kwenye joto la Tanga, akapangiwa kazi Mbulu. Mumewe, Vitalis, alikuwa bwana shamba kule Nangwa na alikuja mwisho wa wiki tu. Kwa hiyo Bibi ndiye aliyemlea Joakimu mchana, na mama yake alivuka uwanja wa shule wakati wa mapumziko kuja kumnyonyesha.

Bibi alikuwa tayari ameandaa chai ya maziwa. Mwalimu Evaline alipiga mafunda mawili, akaweka kikombe chini. Fabiola naye alipiga mafunda mawili, akaweka chake.

"Malizeni chai, baridi hii!" Bibi alifoka.

"Inatosha, Bibi," mwalimu alijibu.

"Nitakunywa jioni," Fabiola alisema.

Bibi alivitazama vikombe viwili vilivyobaki na chai, akatikisa kichwa. Alijua mwenyewe kwamba chai yake haikuwa mbaya.

Siku hiyo darasa la sita lilikuwa na hisabati baada ya gwaride. Kwa kawaida sauti ya Mwalimu Evaline ilifika hadi madawati ya nyuma, pale alipojificha Tadei, mvulana asiyeweza kunyamaza hata akiwa kanisani. Lakini leo sauti ilikuwa inakwama kooni. Mwalimu aliandika sehemu ya kwanza ubaoni, akaanza ya pili, mara chaki ikamponyoka. Alishika ukuta. Akaketi juu ya dawati la mbele, macho amefumba.

Hata Tadei alinyamaza.

"Ni kizunguzungu tu," mwalimu alisema baada ya muda. Midomo yake ilikuwa mikavu na imepasuka. "Endeleeni na zoezi."

Kengele ya mapumziko ilipolia, Fabiola alimfuata hadi kwa Bibi. Joakimu alikuwa analia, na aliponyonyeshwa alinyonya kidogo, akaachia, akalia tena huku akirusha kichwa. Mwalimu Evaline alimhamishia upande wa pili. Akaachia tena. Mwalimu alikuwa akitazama saa ya ukutani na kukunja uso kwa maumivu ya kichwa.

"Hana anachopata," alisema. "Bibi, maziwa yananikauka."

"Basi tumwanzishie uji mwepesi. Wanangu wote walikunywa uji wakiwa hivi hivi."

"Nesi alisema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita."

"Nesi hasikii hiki kilio. Ninayekisikia ni mimi."

Mwalimu Evaline alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Tungoje kliniki ya Jumatano ijayo. Kama uzito hautakuwa umeongezeka, nitaanza uji."

Fabiola aliumia sana moyoni. Hakuwahi kumwona mwalimu akilia, na hakupenda alichokiona. Akamimina maji ya uvuguvugu kutoka chupa ya chai, akampelekea kwa mikono miwili.

"Kunywa, Madam."

"Asante, Fabi. Weka tu. Nitakunywa jioni."

Fabiola alibaki amesimama na kikombe mkononi. Nitakunywa jioni! Maneno hayo aliyajua, kwa sababu ndiyo aliyomwambia Bibi kila siku ya shule, na alijua vizuri kwa nini aliyasema.

Vyoo vya wasichana shuleni vilikuwa na milango, lakini hakuna uliofungika kwa ndani. Ilibidi kwenda wawili wawili, mmoja aingie na mwingine ashike mlango, na kama rafiki akiona kitu cha kuchekesha uwanjani akaachia, ilikuwa aibu ya wiki nzima. Kwa hiyo wasichana wengi hawakunywa kitu asubuhi. Na choo cha walimu je? Mlango wake uling'olewa na upepo wakati wa masika, na tangu hapo palining'inia gunia. Walimu wa kiume hawakujali. Mwalimu Evaline alikuwa mwalimu pekee wa kike katika shule hiyo, na hakuwa na rafiki wa kumshikia gunia. Na dakika alizopata kwa Bibi wakati wa mapumziko ziliishia zote kwenye kunyonyesha, kengele ikalia.

Bibi alikuwa ametoka kuangalia kuku. Fabiola aliinama karibu na sikio la mwalimu.

"Madam, nikija kukushikia lile gunia, utakunywa?"

Mwalimu Evaline alimkodolea macho. Halafu akaangua kicheko, akacheka mpaka Joakimu akashtuka na kuacha kulia. Kicheko kilipoisha uso wake ukawa na haya.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna, Madam. Hata mimi sinywi."

"Kumbe tuko wawili." Mwalimu alivuta pumzi. "Kwetu Muheza jasho linakukumbusha kunywa. Hapa baridi inanisahaulisha, na nikikumbuka, nalifikiria lile gunia. Lakini usimwambie mtu, Fabi."

"Simwambii mtu," Fabiola alisema. Hakuahidi kwamba hatafanya kitu.

Lazima isemwe kwamba Fabiola alikuwa mbishi. Akishaamua jambo, heri ubishane na punda. Jioni ile ile alikwenda kwa mjomba wake Margwe, fundi seremala, na kumkuta akipiga randa.

"Shikamoo, Mjomba. Ule mlango ulioegemea ukuta ni wa nani?"

"Marahaba. Ulikuwa wa ghala la mtu, nimemtengenezea mpya. Ule ni kuni sasa."

"Naomba uwe mlango wa choo cha walimu."

Margwe aliweka randa chini. "Mlango nakupa. Bawaba ninazo, komeo pia ninalo. Ila mimi sigongi misumari kwenye jengo la serikali kama mwizi. Leta ruhusa ya Mwalimu Mkuu."

Kesho yake Fabiola alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu, Mwalimu Basili, mtu mpole lakini mzito wa kuamua. Alimsikiliza, akavua miwani.

"Jambo hilo lipo kwenye mpango, Fabiola. Kamati ya shule itakaa, italijadili."

"Itakaa lini, Mwalimu?"

"Itakaa."

Fabiola alitoka akiwa amekunja uso. Siku iliyofuata alirudi.

"Umekuja tena?"

"Nimekuja tena, Mwalimu. Shikamoo. Mlango upo, bawaba zipo, fundi yupo. Inakosekana ruhusa tu."

"Mbona choo cha walimu kinakunyima usingizi wewe mwanafunzi?"

Hapo palikuwa pagumu. Fabiola alikuwa ameahidi kutomtaja Mwalimu Evaline, na hakumtaja. Akaamua kujitaja mwenyewe, ingawa masikio yalimwaka kwa aibu.

"Mwalimu, mimi sinywi maji wala chai nikija shuleni. Wasichana wengi hatunywi. Tunaogopa vyoo, milango haifungi. Nikifika nyumbani kichwa kinauma sana. Nikafikiri, kama hata choo cha walimu hakina mlango, cha kwetu kitapata komeo lini?"

Mwalimu Basili aligeuka dirishani, akatazama lile gunia likipepea upande wa pili wa uwanja. Labda alimfikiria yule mwalimu mmoja wa kike, labda aliwafikiria binti zake.

"Mwambie Margwe aje kesho na vifaa," alisema hatimaye. "Kamati nitaieleza mimi. Watakuta kazi imekwisha."

Kuubeba mlango ndiyo ilikuwa shughuli. Fabiola, Tadei na wenzao wawili waliubeba vichwani, na walipofika juu ya kilima upepo uliingia chini yake, ukawayumbisha, mwishowe wakauangusha katikati ya vitunguu saumu vya Mzee Sulle. Mzee alitoka na fimbo.

"Nyie watoto! Mnalima kwa milango siku hizi?"

"Shikamoo, Mzee. Tusamehe," Fabiola alisema akihema. "Ni mlango wa choo cha shule. Kwa ajili ya vitunguu tulivyovunja, tutakuja kupalilia vilivyobaki Jumamosi."

Tadei alifungua mdomo kulalamika kuhusu Jumamosi yake, akaufunga. Mzee Sulle aliwatazama, akautazama mlango, akatupa fimbo pembeni na kushika upande mzito. "Twendeni. Na Jumamosi mje kweli."

Margwe alifunga bawaba, Mwalimu Basili mwenyewe akashika mlango usicheze, komeo likapigiliwa kwa ndani. Gunia lilirudishwa stoo. Mapumziko ya siku hiyo Mwalimu Evaline alivuka uwanja, akapita karibu na Fabiola, akaingia na kufunga mlango. Komeo lililia kwa sauti kubwa. Fabiola aligeukia upande mwingine kwa heshima, lakini alikuwa akitabasamu hadi masikioni.

Kuanzia hapo meza ya Mwalimu Evaline darasani ikawa na chupa ya chai yenye maji ya moto. Alikunywa asubuhi akamaliza kikombe cha Bibi. Alikunywa kila alipokaa kumnyonyesha Joakimu. Hakutazama tena saa ya ukutani, kwa sababu Mwalimu Mkuu alimkumbusha kwamba muda wa kunyonyesha ni haki yake, akajitolea kusimamia darasa la sita hadi atakaporudi. Hisabati za Mwalimu Basili zilikuwa ngumu, lakini hakuna aliyelalamika, isipokuwa Tadei.

Jumatano ya kliniki shule ilikuwa imefungwa kwa sikukuu, lakini kliniki haikuahirishwa, kwa hiyo Fabiola alimbeba Joakimu mgongoni hadi zahanati. Bibi Veronica naye alikwenda, amejiandaa kabisa kubishana na nesi. Joakimu alitundikwa kwenye mzani akipiga mateke. Nesi Lucia alisubiri mshale utulie. Mwalimu Evaline alikuwa amebana mikono kifuani, na Fabiola alikuwa ameukodolea mshale macho.

"Ameongezeka," nesi alisema. "Vizuri kabisa."

Mwalimu Evaline aliinamisha kichwa begani mwa Bibi. Safari hii alilia kwa furaha, na Fabiola hakujali kumwona.

"Kwa hiyo ni maji ndiyo yaliyogeuka maziwa!" Tayari Bibi alikuwa amesahau alichokuja kubishania.

Nesi Lucia alicheka. "Hapana, Bibi. Maziwa yanaletwa na mtoto mwenyewe. Kadiri anavyonyonya, ndivyo yanavyotengenezwa. Lakini mama anayenyonyesha hupoteza maji mengi, na asipoyarudisha kichwa kinauma, anapata kizunguzungu, anachoka, ananyonyesha haraka haraka ili amalize. Hapo ndipo mtoto anapokosa." Akamgeukia mwalimu. "Kila ukikaa kunyonyesha, kikombe kiwe karibu. Ukihisi kiu usiiahirishe. Huna haja ya kujilazimisha ndoo nzima. Na angalia mkojo wako. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, mwili unadai maji."

"Maji ya moto au ya baridi?" Bibi aliuliza kwa ukali.

"Yoyote, mradi yawe salama. Ya moto hapa Mbulu yanashuka vizuri zaidi."

"Nilijua," alisema Bibi, akaridhika. Habari ya uji haikutajwa tena.

Kesho yake darasani, kabla ya hisabati, Mwalimu Evaline alimimina maji kikombeni na kunywa mbele ya wote. Kupitia dirishani Margwe alionekana akipigilia makomeo kwenye vyoo vya wasichana.

"Leo naanza na jambo lisilo na tarakimu," alisema. "Mimi ni mtu mzima, nimesoma, na najua kwamba mama anayenyonyesha anatakiwa kunywa maji ya kutosha. Nilijua, na bado sikunywa. Nilijinyima kwa sababu ya aibu, nikadai ni uvumilivu, na aliyeumia alikuwa mwanangu. Kwa hiyo nawaambia: mwili haujui aibu, unajua kiu tu. Kunyweni maji. Na mkimwona mtu anajinyima maji, mama yako, dada yako, mwenzako, msiishie kumwambia anywe. Muulizeni kinachomzuia. Kisha kiondoeni hicho kinachomzuia."

Hakutaja jina la mtu. Alitoa vikombe vingine kwenye mkoba wake, akavipanga mezani, akamimina kimoja hadi juu na kukisogeza ukingoni, upande wa Fabiola.

Fabiola alisimama, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka kikaisha.