Kuhani Aliyenusa Asumini

"Nadig, sanamu ya mcheza ngoma imeng'olewa hekaluni," sauti ya mkuu wake, Devaiah, ilikwaruza sikioni. "Kuhani mkuu, Narasimha Bhatta, ametekwa. Mmoja wa makuhani waliobaki ni mtu wao."

"Nikilazimika kuchagua, bwana?"

"Sanamu kwanza."

Shailaja Nadig, jasusi kwa miaka kumi na mitatu sasa, alisimama peku katika foleni ya waumini, bastola ya Glock ikiwa imefichwa chini ya sari. Ilikuwa saa saba mchana. Kuta za hekalu la Kallugiri zilisheheni tembo na wapiga ngoma wa mawe. Juu ya nguzo moja palikuwa na pengo jeupe, pale sanamu ilipong'olewa.

Makuhani watatu walipokea maua. Wawili waliyaweka kwenye sinia.

Wa tatu aliinua shada la asumini, akalinusa.

Ua la mungu halinuswi kabla ya kutolewa. Hata mtoto wa Kallugiri huchapwa kwa kosa hilo.

Shailaja alimfuata hadi nyuma ya hekalu, akamlaza kifudifudi juani. Sakafu ya jiwe ilichoma kama kikaango.

"Mzee yuko wapi?"

"Kwenye lori la nazi, dada mrembo, chini ya sanamu," kuhani huyo, Kamat, alicheka. "Dereva akifunga breki ghafla, babu anakuwa chapati."

Devaiah akasema sikioni: "Lori tumeliona. Tunatandika miiba ya chuma barabarani, ipasue matairi."

"Nipe dakika moja, bwana."

"Sanamu kwanza, Nadig!"

"Dakika moja."

Alilikandamiza shavu la Kamat sakafuni. Yowe lilipaa. Akachomoa simu ya upepo kiunoni mwa Kamat, akamsogezea mdomoni.

"Mwambie dereva asimame polepole."

"Sithubutu! Wataniua!"

Akamgeuzia shavu la pili.

"Chinnappa," Kamat alilia, "simama polepole, ndugu yangu. Tairi la nyuma limeisha upepo."

Lori likasimama taratibu. Dereva akakamatwa akichungulia tairi.

Baada ya nusu saa Narasimha Bhatta aliletwa, mikono imechubuliwa na kamba. Alimwona Kamat, pingu zimemfunga kwenye mlingoti wa bendera katikati ya ua, midomo imepasuka.

"Binti yangu, mpeleke kivulini."

"Gari la polisi litafika baada ya saa moja, baba."

"Atakufa kwa jua!"

"Hafi mtu kwa saa moja." Shailaja alitengeneza pindo la sari. "Amri niliyopewa haikutaja kivuli."

Akaondoka bila kugeuka.