Chupa ya Kumi

Haya yalimkuta jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, yule tuliyembandika jina la Mama Kome. Kazi yake maabara ilikuwa kutafuta chembe za plastiki ndani ya kome, nasi tulimtania kwamba anawapekua mifukoni. Nyama ya kome hutiwa kwenye chupa yenye dawa kali, ikakaa tanurini siku mbili mpaka iyeyuke yote. Dawa ile hula nyama, ngozi na nywele. Plastiki haiiwezi. Kinachobaki huchujwa na kuhesabiwa kwa hadubini.

Kando yake lazima iwepo chupa ya ushahidi, yenye dawa peke yake. Ikikutwa na uzi, basi uchafu ni wa maabara wala si wa baharini, na kazi yote inarudiwa. Bibi Sifuri, mtaalamu mzee mwenye nywele ndefu nyeupe aliyemfundisha, hakuwahi kuiruka chupa hiyo mpaka alipofariki mwaka jana. Mama Kome aliirithi meza yake, ila uvumilivu hakuurithi. Mara nyingine aliiruka, akaandika "sifuri" kwenye fomu, na nafsi haikumsuta.

Alhamisi hiyo mchana alifungua tanuri. Alikuwa ameweka chupa tisa, zote za kome. Zilikuwa kumi.

Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Umeweka kitu chako humu?"

"Mimi? Hilo tanuri lako, dada. Hata mkono sijatia."

Akaichuja ile ya kumi. Juu ya karatasi ulilala unywele mmoja, mrefu, mweupe. Akaugusa kwa sindano ya moto. Plastiki ingeyeyuka. Huu ulinuka kama nywele zilizoungua. Na hakuna unywele unaoweza kumaliza siku mbili ndani ya dawa ile.

Lakini mkuu wa maabara alitaka ripoti jioni hiyo hiyo, na alishamwonya: akichelewa tena, meza anapewa mwingine. Mama Kome akautupa ule unywele. Akaandika sifuri. Akasaini.

Asubuhi mkuu alimwita. Pale alipoandika sifuri, fomu ilikuwa na tundu.

"Umemwagia dawa?"

"Hapana, bosi."

Mkuu akafungua kabati lake kwa ufunguo, akatoa faili la mwaka mzima. Akafunua moja moja. Fomu za Bibi Sifuri zilikuwa nzima. Za Mama Kome, nyingine nzima, nyingine zimetoboka, mahali pale pale.

"Saba," mkuu akanong'ona. "Hizi saba zina nini?"

Mama Kome hakuhitaji kuhesabu. Alizijua tarehe zote alizoiruka chupa. Alitaka kudanganya, ulimi ukagoma. Akasema yote, amesimama, na kabla ya saa nne meza ilikuwa na mtu mwingine.

Kabla hajatoka, aligusa fomu ya zamani kuliko zote, ya miezi minane nyuma. Ukingo wa tundu ulikuwa bado umelowa. Na ulikuwa na joto.