Kofia Ndani ya Kiroba

Kwanza ilipotea soksi. Ingepotea kwenye kamba ya nguo, nani angeshangaa? Ilipotea ndani ya kiroba cha taka.

Mwalimu Goodness, aliyehamishiwa Nyamongo kutoka Rombo mwaka juzi, alikuwa mtu wa kukagua kila kitu, hata alichokwisha kukitupa. Mtaani kwao trekta la taka lilipita Jumanne na Ijumaa saa moja asubuhi, na kila nyumba iliweka viroba viwili kando ya barabara: kimoja cha maganda na matambara, kingine cha chupa na makopo ya kwenda kuuzwa. Siku hiyo, aliporudi kuongeza kopo la maziwa, alikuta kiroba chake cha maganda kimefungwa upya, tena vizuri kuliko alivyokifunga yeye. Akafungua. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa soksi iliyotoboka ya mwanawe Precious, wa miezi minane.

Ijumaa ikaondoka bibu ya kulia uji iliyochanika. Jumanne nepi mbili za kitambaa. Na kila mara kiroba kilibaki kinanuka udongo mbichi wa shimoni, kama mtu aliyetoka chini ya ardhi amekikumbatia.

Mtuhumiwa hakuwa mbali. Jirani wa ng'ambo ya barabara, Bibi Boke, mjane aliyeishi kwa kuokota chupa za plastiki, alionekana kila alfajiri ameinama juu ya viroba vya watu. Goodness alimwamkia shikamoo kila siku huku akitabasamu, na moyoni alishamhukumu zamani. Alimwambia mumewe, Elibariki, kwamba yule bibi anakusanya vitu vya mtoto wao kwa kazi anayoijua mwenyewe. Elibariki, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku mgodini, alijibu kwamba bibi wa watu anaokota chupa tu, akageukia ukutani.

Basi mwalimu akatega mtego. Alichukua kofia ya sufu ambayo Precious alikuwa ameivaa jana yake, akashona uzi mwekundu kwa ndani, akaiweka juu kabisa kwenye kiroba. Ikionekana kwa Boke, mwenyekiti wa mtaa angemaliza kazi.

Ijumaa kofia ikaondoka. Goodness akavuka barabara amejaa maneno, akakuta mlango wa Boke una kufuli. Alikuwa bado amesimama pale, maneno yakimchachia mdomoni, bodaboda ilipomshusha bibi mwenyewe na begi lake, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa msibani Nyambureti tangu Jumatano.

Boke aliposikia habari ya kofia aliketi chini palepale.

"Uliitupa wewe? Kwa mkono wako?"

"Niliitega tu."

"Aliyeichukua hajui kutega, mwanangu. Anajua kutupa."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Dampo la taka lilikuwa shimo la zamani la wachimbaji wadogo, njia ya Genkuru. Mama mmoja alifukiwa humo akiwa na mtoto mgongoni. Yeye walimtoa, akazikwa, mtoto hakuonekana. Tangu waanze kumwaga taka pale, mama huyo hulitangulia trekta, anapita nyumba kwa nyumba akitafuta kitu cha mtoto kilichotupwa, maana kwake aliyetupa nguo ameachilia na mwenye nguo. Soksi, bibu na nepi, Boke ndiye aliyezitoa na kuzichoma kabla mama huyo hajafika. Goodness akamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema ungeniitaje? Si ndivyo ulivyokuwa ukiniangalia?" Goodness aliona aibu. Boke akasimama. "Twende ukaichukue kwa mkono uleule. Mtoto umbebe. Usimwache nyuma."

Hapo shaka ikarudi. Huyu bibi anamtakia nini Precious huko damponi? Goodness alisema mtoto amelala, na baba yake yupo, na mlango utafungwa kwa ndani. Boke akatangulia njiani, asibishane naye.

Damponi palikuwa na jua kali na inzi. Ryoba, mwendesha trekta, alikuwa bado anashusha taka, na alipoulizwa habari ya kofia alionyesha kwa kidevu upande wa shimo, akasema yeye hapitishi tela lake kule kwa sababu taka hujipanga zenyewe. Goodness alishuka akishika mkono wa Boke, akapita chupa zilizorundikwa na mifuko iliyofungwa mafundo, na harufu ya uozo ikapungua kila alipopiga hatua mpaka ikabaki ile ya udongo mbichi peke yake, na chini ya ukingo akaona soksi zimetandikwa pamoja, vishati pamoja, magauni pamoja, vyote vya watoto, vimepangwa kwa umri kuanzia wa siku moja hadi wa kutambaa, na mwisho wa mstari kofia ya Precious iko juu ya kitanda kidogo kilichochimbwa kwa vidole, ambacho hakijalaliwa.

Akaiokota. "Si wako huyu," alinong'ona. "Nilikosea."

Boke alitazama huku na huku, kisha akamvuta mkono.

"Hayupo hapa," alisema. "Kimbia."

Walirudi kwa bodaboda moja. Mlango ulikuwa wazi, na Elibariki amekaa kizingitini akifikicha macho kwa usingizi. Goodness aliuliza mtoto yuko wapi.

"Si nimekupa sasa hivi?" alisema mumewe. "Umegonga, umenyoosha mikono bila kusema neno, nikakukabidhi."

Goodness alimgeukia Boke, kwa mara ya kwanza bila kumshuku, na bibi akafumba macho.