Gari la Kuvulia Viatu

Mwaka ule bei ya chuma chakavu ilipanda mpaka watu wakapoteza haya. Vilianza kutoweka vifuniko vya mitaro, vikafuata vitanda, mageti, na hata kengele ya shule, ambayo mwalimu mkuu aliililia wiki nzima kama aliyefiwa. Halafu yakaondoka magari. Zamani kila baada ya nyumba tatu ulikuta gari bovu uani: limekalishwa juu ya matofali, kuku wanataga kiti cha nyuma, na mwenyewe anakuapia kwamba likipata kabureta tu litatembea. Ndani ya miezi miwili yote yakaisha. Zikabaki alama za udongo mkavu, mahali ambapo jua halikuwa limefika kwa miaka ishirini.

Aliyeyamaliza aliitwa Kilo. Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na macho mengine ya kutazamia dunia. Ukimwonyesha geti jipya, anakwambia uzito wake. Akienda kumwona mgonjwa, anakagua kitanda. Mkewe alimkimbia siku alipouza kitanda cha chuma walichokuwa bado wanakilalia, na Kilo, mtu mzima wa miaka thelathini na tano, akarudi kukaa chumba cha mbele kwa mama yake. Hakuona aibu. Aibu haipimwi kwenye mizani, na kisichopimika Kilo hakukijua.

Huko kwa mama ndiko lilikobaki gari moja la mwisho.

Marehemu baba yake alikuwa dereva wa teksi kwa miaka thelathini na moja, gari lilelile, la kijani, lenye kapeti jekundu sakafuni. Kapeti hilo ndilo lililompa mzee sifa na maudhi. Hakuna aliyepanda gari lake na viatu. Ukifungua mlango na kuinua mguu tu, unasikia, "Viatu, mheshimiwa." Kuna waliocheka, kuna waliotukana, na kuna bwana harusi aliyenuna akaenda kukodi gari lingine. Mzee hakujali. Hata mkewe, siku ya uchungu wa kumzaa Kilo, alivua kandambili kwanza ndipo akaingia, na habari hiyo huisimulia mpaka leo kwa hasira na mapenzi pamoja.

Kila siku saa kumi alasiri mzee alirudi kunywa chai. Alipiga honi mara mbili, mkewe akafungua geti. Akichelewa, sababu ilikuwa moja tu: amepata abiria.

Alipougua ugonjwa wa mwisho, alimwona Kilo kupitia dirishani akilizunguka gari, akiligongagonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Atakayelikata gari langu," mzee akasema pale kitandani, akitabasamu, "nitampa lifti."

Wote chumbani walicheka. Kilo, huko nje, alisikia naye akacheka kuliko wote.

Mzee alipozikwa, mama alilifuta gari kila asubuhi na kulifunika bandani mwake. Injini ilikuwa ikivuja oili, tone moja moja, kwa hiyo aliweka sufuria kuukuu chini yake, na ikijaa anaimwaga. Miaka sita alifanya hivyo. Kilo aliliomba gari mara ya kwanza, akanyimwa. Aliliomba mara ya pili, mama akaendelea kulifuta. Ya tatu hakuomba. Alisubiri mama aende kumuuguza dada yake kwa siku mbili, akaja na lori.

Sasa, wakata magari wana desturi yao, na hata mlevi wao huiheshimu. Gari likifika kwenye uwanja wa kukatia hulazwa usiku mmoja milango yote ikiwa wazi. Wenyewe watakwambia ni kwa ajili ya mvuke wa petroli, na nyoka, na paka wanaolala kwenye injini. Hiyo ni sababu ya kuwaambia wageni.

"Hatujalilaza," alisema Fundi Gesi, mkataji wa Kilo, mtu mzima aliyepoteza jicho moja kwenye kazi hiyohiyo. "Na mlango wa dereva haufunguki."

"Lori la kiwandani linaondoka jioni. Kesho bei inaweza kushuka."

"Bosi, mwenye gari hajashuka."

"Mwenye gari nilimzika mwenyewe," Kilo akasema. "Wewe washa moto."

Kisha, ili kuonyesha ubabe, akapitia mlango wa abiria na mabuti yake ya kazi, yale yenye chuma puani, yaliyojaa tope la uwanjani. Akakanyaga kapeti jekundu. Akayapangusia hapo. Akakanyaga tena, akimtazama Fundi Gesi, akicheka. Sijui ni mtu wa namna gani anayefanya hivyo kwenye gari la baba yake, lakini ndiye huyo tunayemzungumzia.

Fundi Gesi alikata. Alikata akiwa peku, viatu kaviweka kando, na cheche zikimrukia miguuni aliendelea. Jambo moja tu alilisimulia baadaye. Alipoliondoa paa, aliona kiti cha dereva kimebonyea. Kilibonyea hivyo mpaka alipofika kukikata. Halafu kikainuka, polepole, kama kiti ambacho mtu ameondoka juu yake.

Siku hiyo hakupokea ujira. Alichukua viatu vyake na hakurudi tena.

Mama alirudi kesho yake saa tisa. Alisimama mbele ya banda tupu, mkoba bado begani. Sufuria ilikuwa palepale sakafuni. Mke wa fundi cherehani, jirani ambaye dirisha lake linatazama ua ule, alitegemea kusikia kilio. Hakusikia. Mama aliingia ndani, akamkuta mwanawe anakula.

"Mliingia na viatu?"

"Mama, gari bovu lile."

"Nimekuuliza, mliingia na viatu?"

"Niliingia navyo," Kilo akajibu, akitafuna. "Na kapeti lenyewe lilikuwa linanuka."

Mama alimtazama. Mama wa mtu anaweza kumtazama mwanawe kwa dharau hivyo, jirani anasema, kama anatazama kitu kilichoganda chini ya kiatu.

Saa kumi honi ikapigwa getini. Mara mbili.

Kilo alitoka akitukana. Njia ilikuwa tupu, jua kali, hakuna hata baiskeli. Alirudi akisema ni wahuni. Lakini ile honi aliijua. Alikuwa ameing'oa kwa mkono wake na kuitupia juu ya lori, na saa hizo ilikwisha kuwa uji wa chuma.

Siku ya pili ikapigwa tena. Siku ya tatu, mama alipokwenda kufagia banda, akakuta sufuria ina oili. Nyeusi, mbichi, imefika nusu. Akaimwaga mahali alipoimwagia siku zote, akairudisha.

"Umeiona?" akamnong'oneza jirani dirishani.

"Nimeiona."

"Basi nyamaza."

Kilo alihamia uwanjani kwake. Honi ikamfuata huko, saa ileile. Akarudi nyumbani, maana kwa mama angalau kulikuwa na chakula. Bado alikuwa akijitutumua, akisema shetani gani anayeendesha teksi. Siku ya sita alikaa kizingitini kunawa miguu. Mabuti kayavua, suruali kaikunja. Honi ikalia. Safari hii haikuwa getini. Ilikuwa uani, mbele yake, karibu kiasi cha kumtetemesha kifuani. Kilo akashusha mguu wa kulia ili asimame.

Pale chini palikuwa na saruji. Miaka yote ni saruji. Mguu wake ulikanyaga kapeti.

Alihisi manyoya ya kapeti katikati ya vidole. Yalikuwa na tope.

Aliurudisha mguu ndani kwa kelele ambayo jirani hakuwahi kuisikia kwa mwanamume mzima. Akavaa mabuti bila soksi, akijikunyata nyuma ya mlango, akimng'ang'ania mama yake kiunoni.

"Amekuja kunichukua. Mama, mwambie. Mwambie baba."

"Nimwambie nini? Baba yako alikuwa na neno moja." Mama akaitoa mikono yake kiunoni, kidole kimoja kimoja. Halafu, kwa sababu mama ni mama hata pale anapokinai, akainama akamnong'oneza, "Katika miaka thelathini na moja hakumpandisha mtu mwenye viatu. Hata mmoja. Usivue."

Basi Kilo hakuvua. Alilala na mabuti, akaoga na mabuti, miguu kaitoa nje ya beseni kama bata mgonjwa. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulicheka, kwa sababu hakuna nyumba ambayo hakuiondolea kitu. Waliposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walikuwa wanayatazama mabuti. Saa kumi ikifika, Kilo hukaa katikati ya chumba, kamba kazifunga mafundo matatu matatu, macho yametoka. Honi ikishalia mara mbili na kunyamaza, anapumua. Siku imepita.

Wiki tatu zikapita hivyo. Miguu ikavimba ndani ya ngozi ya mabuti, ikatoa harufu, ikaanza kutoa maji. Homa ilipompanda, majirani wawili wakamkokota hadi zahanati, wakiwa wameziba pua.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo aliyechoka, mwenye foleni ya watu kumi na tisa nje.

"Vua."

"Sivui, dada."

"Mguu unaoza. Unataka nikutibu kwa simu?"

"Saa ngapi sasa?"

Muuguzi akatazama ukutani. "Saa kumi kasoro dakika nane."

"Nipe dakika kumi tu," Kilo akanong'ona. "Kumi tu, saa kumi ipite. Nitavua mwenyewe. Nakuomba, dada yangu."

Huyu ndiye mtu aliyewahi kumwambia mjane mwenye kitanda kimoja kwamba hana muda wa kubembelezana. Muuguzi naye hakuwa na muda. Alichukua mkasi, akakata kamba, mafundo yote matatu, akayavuta mabuti moja baada ya jingine. Akaitumbukiza miguu ya Kilo kwenye beseni la dawa ya kuoshea vidonda, ile ya zambarau, akamwambia atulie. Kisha akamgeuzia mgongo kufungua kabati la bandeji.

Honi ikalia chini ya dirisha. Mara mbili.

Muuguzi alidhani ni gari la wagonjwa. Alikuwa anahesabu bandeji. Nyuma yake akasikia maji yakitikisika kwenye beseni. Akasikia sauti ya yule mgonjwa, ndogo, yenye adabu, kama ya mtoto aliyeitwa na mkubwa.

"Nimeshavua, baba."

Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Nyayo zilitoka kwenye beseni. Za zambarau, za miguu mitupu, zenye vidole vilivyovimba. Zilivuka chumba. Zilipita katikati ya watu kumi na tisa waliokaa kwenye benchi, na hakuna hata mmoja aliyemwona mtu. Zilishuka ngazi tatu. Zilienda hatua tisa kwenye changarawe ya maegesho, mahali palipokuwa wazi, hapana gari. Hapo zikakoma, zikiwa zimesimama sambamba, kama za mtu aliyefunguliwa mlango. Mbele kidogo palikuwa na tone la oili, bado linametameta.

Zilisuguliwa kwa sabuni na mchanga, hazikutoka. Mabuti yamo stoo ya zahanati mpaka leo. Wanunuzi wa vyuma chakavu huja kuuliza kila kitu pale, hata vyandarua vyenye fremu, lakini mabuti yenye chuma puani hakuna anayeyaulizia.

Alasiri hiyo, nyumbani, mama alikaa kusubiri saa kumi. Saa kumi ikafika, kimya. Jirani alimwona akisimama, akikaa, akisimama tena. Hakuna aliyekuwa amemletea habari yoyote bado. Saa kumi na robo honi ikalia.

Mama alikwenda kufungua geti lote, milango yote miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Alisubiri kidogo, mkono kwenye komeo. Kisha akalifunga.

"Leo kachelewa," akamwambia jirani dirishani. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Alielekea bandani. Sufuria ilikuwa mahali pake, na tone jeusi lilikuwa ndiyo kwanza linaanguka kutoka hewani na kulia tii ndani yake. Mama hakulitazama. Alikuwa anatazama hatua moja nyuma ya hapo, upande wa abiria, ambako saruji ilikuwa imelowa kitu kingine, cha zambarau, kinachodondoka polepole, tone moja moja.

Akaishika kanga mdomoni. Halafu akaenda jikoni, akarudi na sufuria ya pili.