Litania ya Castory

Haya yalimkuta rafiki yangu Castory wa Bigwa, mtu aliyewaita watakatifu masanamu ya plasta, tena mbele za watu. Mama yake, aliyekuwa hoi kitandani kwa kikohozi, alimtuma kwenye misa ya Alhamisi ya kuombea wagonjwa.

"Niletee maji ya baraka, mwanangu."

"Kwani ya bomba yana kosa gani, mama?"

Akaenda akibetua midomo, akachelewa makusudi asikutane na "wale wapiga magoti". Alikuta kanisa tupu, umeme umekatika, ukungu wa mlimani umeziba madirisha. Akapapasa hadi kwenye pipa la maji ya baraka, akajaza chupa, chupa ikigugumia gizani. Ndipo kejeli ikampanda. Akabana pua, akaiga katekista anavyoongoza litania, ile sala ya kuwaita watakatifu mmoja mmoja na waumini kuitikia:

"Mtakatifu Antoni!"

Kimya. Akacheka peke yake.

"Mtakatifu Castory wa Bigwa!"

"Utuombee," mabenchi matupu yakaitika.

Chupa ikamponyoka. Huko gizani magoti yakashuka kwenye mbao, mengi, kwa pamoja. Sauti zote zilikuwa zimekwisha kuitika, isipokuwa moja ya mwanamke iliyochelewa, ikalivuta lile neno hadi mwisho, kisha ikakohoa kikohozi kilekile alichokiacha nyumbani.